Kumtoa Mwanyumba Kwenye Picha

Jumapili, 8 Machi

Ushindi! Au tuseme mlango wa ushindi. Nimerudi kutoka kwa Mama Mkwe nimepakata bati la biskuti, na ndani ya bati hamna hata biskuti moja.

Niandike kwa utaratibu, maana mkono unakimbia. Baada ya chakula Mama alitangaza kwamba amechoka kuisimamia karakana ya samani peke yake. Tangu Mzee, mumewe, afariki, yeye ndiye anayepokea wateja, anayegombana na wenye mbao, anayewaamua mafundi. Basi, imetosha. Jumapili ijayo atatuambia nani ataishika. Alisema hivyo huku anakusanya sahani, kama mtu anayetaja habari za mvua. Nikajikuta nimesimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikasingizia kunawa mikono.

Karakana! Ofisi yenye dirisha la kutazamia mafundi. Kiti cha Mzee chenye magurudumu. Na mimi hapa nakalia stuli ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, nawaambia watu wenye mashavu yaliyovimba wasubiri kidogo. Nani ananishinda kwa kusikiliza malalamiko? Mbao sizijui, sawa, lakini mbao zitajulikana hukohuko. Mke wangu anazijua. Anafanya kazi kwenye yadi ya mbao, anazipokea, anazipima, zilizopinda anawarudishia wenye malori. Nitakuwa namuuliza.

Mpinzani ni mmoja tu. Mwanyumba, yaani mume wa dada wa mke wangu. Wakala wa bima. Viatu vinang'aa hata siku ya tope. Mama hajafikiria kuinuka kwenye kiti, yeye mkono ameshaunyoosha.

Halafu Mama akaongeza kwamba siku hiyo, kabla ya kutamka lolote, angependa kumwona Mzee akitembea. Video za familia, zile alizopiga Baba Mdogo zamani, zilishahamishiwa kwenye DVD, ila deki ndiyo iliyokufa. Mwanyumba akasema anajua duka wanakozigeuza ziwe faili, mtu anaziangalia hata kwenye simu, atazipeleka kesho. Mama akatabasamu. Lile tabasamu liliniingia kama mwiba.

Mdomo ukanitangulia. Nikasema duka la nini, picha za Mzee zipite mikononi mwa watu baki? Nitazigeuza mwenyewe, nyumbani, kwa kompyuta yangu yenye Linux. Mwanyumba akauliza kwa upole kama nimewahi kufanya kazi hiyo. Nikasema mara nyingi sana. Mke wangu akanifinya chini ya meza.

Sijawahi. Ila sasa bati ninalo mimi!

Jumatatu, 9 Machi

Kompyuta imekataa. Imekataa waziwazi, kwa maandishi.

Hii Linux niliiweka mwaka jana, baada ya Mwanyumba kusema mbele za watu kwamba kompyuta yangu imezeeka na dawa yake ni kununua nyingine. Nikaenda nikafuta kila kitu, nikaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure na mwepesi. Tangu hapo inawaka upesi sana, na mimi nusu ya vilivyomo sivijui.

Nimetoka kazini mbiombio, sikuvua hata viatu. Nikatia diski. Ikazunguka, ikakoroma, ikanyamaza. Ujumbe ukatokea: hakuna programu ya kufungua video ya namna hii. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ujumbe uleule. Nikazunguka meza. Nikaingia kwenye jukwaa la watumiaji wa Linux mtandaoni, nikaandika kwamba mimi ni mtaalamu wa siku nyingi ila leo nimechoka, je, mwenzangu yeyote angependa kunikumbusha? Mtu anayejiita Bundi Mpole akajibu kwamba nahitaji programu ya kuchezesha video na vijalizo vyake, yaani vipande vidogo vya kuisaidia, akaniandikia amri ya kunakili. Akamalizia kwa kunitakia mapumziko mema. Sijui kama ni kejeli.

Nikaandika amri kwenye lile dirisha jeusi. Neno la siri nikalikosea, nikalikosea tena. Mwishowe maandishi yakaanza kuteremka kama maji. Nikarudisha diski.

Ikacheza! Mzee huyo, uani kwake, anakohoa, anamwambia Baba Mdogo asimpige picha akiwa na fulana iliyotoboka. Mke wangu alikuwa jikoni. Akaja na mwiko unaodondosha mchuzi, akasimama mlangoni. Mzee akakohoa tena. Mke wangu naye akakohoa, au alijifanya kukohoa.

Kisha akasema, "Si inacheza? Basi Jumapili tuiweke hivihivi kwenye TV tuangalie."

Nikamweleza kwamba kucheza si kugeuza. Hivihivi anaweza mtu yeyote. Mama anatakiwa aone kazi, aone kwamba kuna kichwa nyuma yake. Nikabonyeza alama ya kutolea, diski ikatoka. Mke wangu akabaki pale kidogo akitazama kioo kitupu. Halafu akaenda kufuta mchuzi.

Jumanne, 10 Machi

Aibu. Tena aibu ya kundi zima.

Asubuhi kabla ya kazi nilifungua diski nikakuta faili ndani yake, zimepangwa kwa namba. Nikasema, kumbe rahisi hivi? Nikaichukua ya kwanza, nikaipitisha kwenye programu ya kugeuzia, nikaenda kuoga. Niliporudi, kazi imekwisha. Dakika chache tu! Nikacheka peke yangu kwenye korido. Sikuwa na muda wa kuitazama. Nikaituma moja kwa moja kwenye kundi la familia la WhatsApp na maneno haya: Hicho ni kionjo tu, kazi ya fundi inaendelea.

Kazini sikukaa. Kila simu inapolia nainuka. Mgonjwa mmoja akaniuliza kama na mimi nina jino. Majibu yakaanza kuingia. Shemeji, yaani dada wa mke wangu, akauliza Mzee yuko wapi. Baba Mdogo akaandika kwamba picha ni nzuri ila haisogei. Mwanyumba akaweka alama ya dole gumba. Dole gumba moja, bila neno! Mtu anayeweka dole gumba bila neno anacheka mpaka machozi mahali fulani.

Nikaifungua. Lilikuwa ua. Ua jekundu, na maandishi ya dhahabu yanayosema Kumbukumbu Zetu, na kinanda kinachopiga wimbo mfupi, kinarudia, kinarudia. Nilichogeuza ni ule ukurasa wa mwanzo wa kuchagulia. Familia nzima imeangalia ua.

Bundi Mpole amenieleza kwamba filamu yenyewe imekatwa vipande kwenye faili zile nyingine, na programu ya kugeuzia inatakiwa ielekezwe kwenye diski nzima, si kwenye faili mojamoja. Nimemjibu kwamba hilo nilikuwa nalijua, nilikuwa nampima.

Jumatano, 11 Machi

Nimemwambia Daktari tumbo limenishika. Daktari ni wa meno, tumbo halimhusu, akaniruhusu nikae nyumbani.

Na leo kazi imekwenda! Diski tatu zimekuwa faili. Kulikuwa na mistari kwenye kila kinachosogea, mkono ukipungwa unakuwa kama kitana, lakini nikapata mahali pa kuweka alama ya kuiondoa, ikaondoka. Feni ya kompyuta inavuma kama inataka kupaa. Meza imepata moto. Nimeweka kitambaa chini, nimekitoa, nimekirudisha.

Tatizo ni jingine. Nimeziangalia. Mwanyumba yumo kila mahali!

Mzee anafungua soda, Mwanyumba ameshika gilasi. Mzee anasogeza kabati, Mwanyumba yuko upande wa pili wa kabati. Mzee anacheka, anayemchekesha ni nani? Na mimi? Mimi niko nyuma, nakula. Kwenye diski tatu nimeonekana mara kadhaa, na mara zote nakula. Kuna mahali natazama kamera, halafu natazama sahani, halafu naamua sahani.

Sasa Mama aone haya Jumapili, kisha ndipo achague mtu wa karakana? Atamchagua nani, mwenye kabati au mwenye sahani?

Nilitoka nje. Nikazunguka jengo. Nikarudi nikiwa na mpango.

Nitamtoa. Si uongo, ni uhariri. Watu wote wa picha huhariri. Nimeshusha programu ya kukatia, nayo ya bure. Ina mstari mmoja wa picha, chini yake mstari wa sauti, na mkasi. Ukibonyeza mkasi kipande kinaondoka kama hakikuwahi kuwapo. Soda, imeondoka. Kabati, limeondoka. Kipande kirefu ambacho Mzee anamfundisha Mwanyumba kushika nyundo, kimeondoka. Niliposhika kasi nikatoa na vya kuchosha. Kuna sehemu nzima karakanani, Mzee na katoto wanapiga randa ubao, kelele tupu, hamna mtu yeyote wa maana ndani yake. Mkasi.

Mke wangu aliporudi akauliza tumbo. Nikauliza tumbo gani.

Alhamisi, 12 Machi

Siku ya hatari.

Diski ya harusi yetu imegoma. Hii ndiyo ninayoihitaji kuliko zote! Humo nimevaa suti, nimesimama katikati, na sahani hamna. Lakini ina mikwaruzo kama imechezewa na paka. Kompyuta inaisoma, inakwama, inaanza kulia krr, krr. Bundi Mpole akashauri iko programu ya kuokolea, inasoma polepole na kurudia pale palipokwama, inaweza kuchukua siku nzima, niiache ifanye kazi na nisiiguse. Nisiiguse! Mtu huyu hanijui.

Nikasoma mahali kwamba mikwaruzo midogo inaweza kung'arishwa kwa dawa ya meno. Nikacheka kwa sauti. Mimi nafanya kazi wapi?

Mchana Daktari alitoka kwenda kula. Nikaingia chumba cha matibabu. Nikawasha taa kubwa. Diski nikailaza kwenye kiti cha mgonjwa, mahali pa kichwa, nikaifunika kitambaa kwa pembeni isiteleze. Nikachukua kile kimashine cha kung'arishia meno, nikapaka ile dawa nzito yenye mnanaa, nikakanyaga pedali. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Ikang'aa! Nikakanyaga zaidi. Kukawa na harufu. Nilipofuta, katikati ya ule mng'ao palikuwa na ukungu mweupe, kama jicho la samaki aliyekaangwa.

Hapo mlango ukafunguka. Daktari, na mgonjwa nyuma yake. Wote wawili wakatazama kiti, wakatazama diski imelala chini ya taa, imefunikwa. Mgonjwa akauliza kwa sauti ndogo kama aliyetangulia atachukua muda mrefu.

Daktari hakupiga kelele. Alisema tutazungumza, akanitaka nikakae kwenye stuli yangu. Sasa karakana si tamaa tena, jamani. Ni lazima.

Diski ya harusi haionekani hata kwenye kompyuta. Nimeirudisha kwenye bati, chini kabisa, nikaweka nyingine juu yake. Kama mtu akiuliza, ni uzee.

Ijumaa, 13 Machi

Mwanyumba amekuja nyumbani! Bila taarifa. Nikaushusha mfuniko wa kompyuta nusura niuvunje.

Alileta waya wa kuunganisha kompyuta na TV ya Mama. Akasema amekumbuka ile TV ina matundu ya namna mbili, asije mtu akaaibika siku yenyewe. Nikautazama waya mbele na nyuma nikitafuta hila. Ulikuwa mpya. Ulikuwa waya.

Akakaa. Hakugusa chai. Akauliza kama kwenye zile diski nimekutana na kile kipande cha nyundo. Akasema baba yake mzazi hakumwona, alifariki yeye akiwa tumboni, na Mzee ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kumshika mkono na kumwonyesha kazi. Akasema haikumbuki tena sauti yake vizuri. Anakumbuka maneno, ila sauti inamponyoka.

"Ningependa kuisikia, kaka," akasema. "Hata kidogo."

Nikamwambia diski ile ina kasoro, hasa sehemu hiyo. Maneno yalitoka yenyewe. Akatikisa kichwa taratibu, akasema si neno, vitu huzeeka. Akaondoka, akasahau kitambaa chake cha mfukoni.

Mke wangu alikuwa mlangoni muda wote. Akanitazama. Nikamuuliza ana nini. Akasema hana kitu.

Kuna kitu kilinibana hapa chini ya mbavu. Nadhani ni ile chai, nilikunywa na ya kwake. Nikafikiria kurudisha kile kipande. Nikafungua kompyuta kabisa. Halafu nikaona kwenye kile kipande Mzee anamwita Mwanyumba mwanangu, tena mara mbili, kwa sauti ya kusikika vizuri. Nikaufunga mfuniko.

Jumamosi, 14 Machi

Imekamilika! Filamu moja, laini, inaanzia uani, inakwisha kwenye sherehe. Nimeipa jina: Mzee Wetu. Nimeandika na jina langu mwishoni, kwa herufi kubwa kidogo.

Nimeikagua yote nikiwa kazini, kompyuta chini ya kaunta, sauti nimezima kwa sababu Daktari siku hizi anapitapita. Picha safi. Mwanyumba hayumo. Kuna mahali kiwiko chake kinaingia, lakini kiwiko hakina jina. Mzee naye amepungua kidogo, sijui kwa nini. Mimi nimeongezeka.

Nimeiweka kwenye fleshi. Nimeitoa, nimeichomeka tena kuhakikisha imo. Imo. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha bafuni: Mama, sikustahili, lakini kama umeamua. Mke wangu amegonga akitaka kuoga. Nimemwambia asubiri kidogo.

Jumapili, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyohivyo.

Tulikuwa sebuleni kwa Mama, wote. Mama kwenye kochi, Shemeji kulia kwake, Mwanyumba amesimama nyuma, Baba Mdogo karibu kabisa na TV kwa sababu ya macho. Mke wangu alibeba bati la diski; nilimwambia halihitajiki, akalibeba. Nikaunganisha waya. Nikatoa utangulizi. Shemeji akaniomba nianze.

Mzee akatokea uani, na fulana yake. Mama akaweka mkono kifuani. Kila kitu kizuri! Nikamtazama Mwanyumba kwa pembe ya jicho.

Kisha picha ikarukia kwangu, nakula. Na kinywa changu kikasema, kwa sauti ya Mwanyumba, "Mzee, shika huku, mimi nitabeba upande mzito."

Kwenye TV nikatafuna. Nikatafuna tena, na nikasema kwa sauti ya Mzee, "Taratibu, mwanangu, usije ukaumia mgongo."

Nilikata picha. Sauti sikuikata! Ule mstari wa chini! Nilimtoa kwenye picha nikamsahau kwenye sauti, naye yuko mle ndani anabeba makabati yote huku mimi nakula wali. Nikatafuta kitufe cha kuzimia, nikabonyeza kingine, sauti ikapanda.

Baba Mdogo akauliza kwa uchungu nani amezikatakata picha zake hivi. Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa mto wa kochi. Mwanyumba hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, anasikiliza.

Halafu picha zikaisha kabla ya sauti. Ya mwisho ikaganda hapohapo, uso wangu TV nzima, mdomo wazi, kijiko njiani. Na nyuma yake sauti inaendelea: randa, shaa, shaa, shaa. Mzee anaimba chini kwa chini. Na sauti ya mtoto wa kike, kutoka kwenye mdomo wangu, ikasema, "Baba, umepima vibaya."

Mama akasimama. Hakuna aliyempa mkono. Akasema, "Hiyo picha iko wapi?"

Nilikuwa nachomoa fleshi na kuichomeka. Mke wangu akainuka, akanisogeza kwa kiuno kama mtu anavyosogeza kiti. Akafungua bati, akazipekua diski, moja akaitoa, akaitazama kwenye mwanga, akainusa.

"Hii ni ya harusi yetu," akasema. "Mbona inanukia mnanaa?"

Nikasema ni uzee. Mama akaomba ainuse na yeye. Ikapita kwa kila mtu, mpaka Baba Mdogo. Mwanyumba ndiye aliyeirudisha kwenye bati, kwa adabu, kama anavyorudisha kitu cha marehemu.

Mke wangu akatia diski nyingine kwenye kompyuta. Akabonyeza mara mbili. Ikacheza. Hivihivi, kama alivyosema Jumatatu.

Karakana, mwanga wa dirishani, vumbi la mbao linaelea. Mzee kijana. Pembeni yake kasichana kamevaa koti la kazi linalofika miguuni, kamekunja mikono ya koti mara nyingi. Kanashika futi. Kanasema, "Baba, umepima vibaya." Mzee anacheka, anasema yeye amezaliwa na futi mkononi. Kanasema, "Pima tena." Mzee anapima tena. Anakuna kichwa. Anatazama kamera na kumwambia Baba Mdogo azime hiyo kitu. Kamera inatikisika kwa kicheko. Mzee anampa kasichana penseli, ile ya sikioni kwake, na kasichana kanaiweka nyuma ya sikio lake, inaanguka, kanaiweka tena.

Nilikitazama kile kitoto. Nilikuwa nimekitoa kwa mkasi bila kukitazama usoni. Na uso ule nauona kila siku asubuhi.

Mama alikuwa analia na kucheka, vyote pamoja. Akasema, "Nimekaa mwezi mzima najiuliza mkwe yupi, mkwe yupi. Nilikuwa nawaza wakwe tu." Akanyoosha kidole kwenye TV. "Huyo. Karakana ataishika huyo."

Mke wangu akageuka nyuma, kama vile anatazama nani ametajwa. Mwanyumba ndiye aliyeanza kupiga makofi. Hata hapo amenitangulia!

Tukaangalia na diski zilizobaki mpaka mwisho. Kipande cha nyundo kikaja. Mzee alikuwa amemshika mkono Mwanyumba, anasema, "Hapana, mwanangu, hivi. Usiiogope." Mwanyumba akatafuta kitambaa mfukoni, hakukipata, akajifuta kwa tai.

Njiani kurudi mke wangu alitembea mbele. Tulipofika kwenye ngazi akasema, "Ulimkata baba yangu."

Nikasema nilimkata Mwanyumba.

"Walikuwa wamesimama pamoja," akasema.

Nikapanda ngazi nyuma yake.

Jumatatu, 16 Machi

Mke wangu ameaga yadini asubuhi, kutoka huko akapitiliza karakanani. Mafundi walikuwa wanamsubiri mlangoni. Mwanyumba ameombwa kusaidia kutafuta wateja siku ambazo hana kazi ya bima, amekubali kabla hajamaliza kuombwa. Nikamuuliza mke wangu, kwa utani, kama kuna nafasi ya mtu wa mapokezi. Akacheka. Nikacheka. Nikamuuliza tena. Hakucheka.

Daktari naye amezungumza. Nimebaki na stuli, ila chumba cha matibabu nisivuke kizingiti.

Mke wangu amenitaka nizigeuze diski zote upya, bila kukata chochote, hata pale Baba Mdogo aliposahau kamera inapiga sakafu. Nakala moja kwa Mama, moja kwa dada yake, moja kwa Mwanyumba. Nimekubali kwa unyenyekevu. Ya harusi nimeiomba kwa Baba Mdogo. Amepata mkanda wenyewe wa asili kabatini kwake, lakini amesema hanipi mimi mkononi, anampa mke wangu.

Nimerudisha kitambaa cha Mwanyumba. Nilikifua mwenyewe. Nikamwambia ile diski imepona. Akanishukuru sana, akanikumbatia. Mimi ni mtu mwingine kabisa sasa. Utulivu! Nimekaa kwenye kiti kimoja karibu jioni nzima.

Jumanne, 17 Machi

Habari zimesambaa! Mama wa ghorofa ya juu amenisimamisha kwenye ngazi. Amesikia mimi hugeuza DVD, na amesikia pia kwamba naweza kumtoa mtu kwenye picha. Hakusikia zaidi ya hapo, na mimi sikuona sababu ya kumchosha.

Binti yake ameachana na mumewe. Mama huyo angependa kubaki na video ya harusi, maana maua yalikuwa ya kupendeza, lakini hataki kumwona yule bwana humo. Akauliza kama inawezekana. Nikasema kwangu hilo ni jambo dogo. Nikamwahidi itakuwa tayari Jumamosi, aalike na majirani.

Nimeshaanza. Nina uzoefu sasa, safari hii nakata na sauti! Bundi Mpole ameniuliza kama nimefikiria vizuri, nimemjibu kwamba namshukuru lakini mwalimu sihitaji tena.

Ugumu ni mmoja mdogo. Bwana harusi amesimama na bibi harusi tangu mwanzo hadi mwisho, wameshikana mikono. Ni suala la kutafuta mahali wasipokuwa pamoja. Nimeshapata mahali pa kwanza: keki, iko peke yake mezani, imetulia, hakuna mtu.

Mwanzo mzuri sana.